Mjukuu Wangu, Usiiache Homa Njiani

Mjukuu wangu, juzi nilikuwa natafuta sindano ya kushonea wavu. Nikainua godoro lako, nikakuta pakiti ya dawa mseto ya malaria. Nikaigeuza mkononi, nikahesabu. Vidonge 12, vya manjano, vimekaa kwenye vitundu vyao. Nikahesabu tena, maana macho yangu siku hizi hayaaminiki. Vilikuwa 12 vilevile.

Pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24. Unameza vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Kwa hiyo wewe ulimeza mara tatu tu. Homa ikashuka, kichwa kikawa chepesi, ukavaa jezi ukaenda uwanjani. Vilivyobaki ukaviweka akiba.

Sikukasirika. Niliogopa. Nilikaa juu ya kitanda chako mpaka mwadhini akaita alasiri, sina nguvu ya kuinuka, kwa sababu njia hiyo uliyoishika naijua hadi mwisho wake. Nimeshaipita, na nilirudi nimebeba maiti.

Njoo ukae hapa mkekani. Nawe mwana wa jirani uliyesimama mlangoni, ingia. Maneno haya ni yenu nyote.

Nilipokuwa na umri wako, dawa ya homa ilikuwa klorokwini. Ilikuwa chungu, uchungu wa kukaa kooni hata unywe maji kata nzima. Na ilikuwa inawasha. Ukishaimeza, viganja vinawasha, nyayo zinawasha, mgongo usiufikie. Marehemu mama yangu alikuwa akinikuna kwa gunzi la muhindi usiku kucha, huku akiniimbia nisilie. Lakini kukipambazuka homa imekwenda. Tuliipenda dawa ile kama unavyompenda mjomba mkali mwenye haki. Hatukujua kwamba dawa nayo hufa.

Haikufa siku moja. Vimelea vilianza kuishinda mbali sana, mpakani mwa Thailand na Kambodia, mwishoni mwa miaka ya 1950. Nani huku kwetu Palma, Msumbiji, alikuwa na habari na Kambodia? Mwishoni mwa miaka ya 1970 vikaonekana Kenya na Tanzania. Kisha vikashuka na pwani, kijiji kwa kijiji, vikavuka Ruvuma pasipo mtumbwi. Sisi tulikuwa tunaendelea kumeza tu, wengine kidonge kimoja, wengine viwili, wengine tunagawana. Kichwa kikiuma, klorokwini. Mgongo ukiuma, klorokwini. Hakuna aliyepima.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sijapata kukuambia.

Mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya amani ya nchi yetu iliyotiwa saini Roma, vita vilikuwa vimefunga barabara zote. Baba yako na dada yake walishikwa na homa wiki moja. Shangazi yako huyo hukumwona; alikuwa na miaka minne, mtoto wa kucheka mwenyewe. Dawa iliyokuwamo nyumbani ilimtosha mtoto mmoja. Nikaikata katikati. Niliona natenda haki, kila mtoto apate sehemu yake kama mkate.

Homa ikashuka kwa wote wawili. Nikamshukuru Mungu, nikaenda zangu kuvua.

Siku chache baadaye homa ikarudi. Baba yako tulimpatia kwinini kwa mashaka makubwa, akapona. Shangazi yako alishikwa na degedege alfajiri. Meno yaliumana, macho yakageuka, na mimi baba yake nimemshika miguu tu, sijui la kufanya. Adhuhuri haijafika tulikuwa tumemzika.

Nimeishi na kisu kile cha kukatia vidonge miaka yote hii. Nusu ya dawa, mjukuu wangu, ni mwalimu wa ugonjwa. Naomba usiwe mwalimu wake.

Watu huniambia, babu, klorokwini ilishaharibika kwingi, hata ungempa yote pengine angekufa. Pengine. Lakini iliharibiwa na nani? Na watu kama mimi, nyumba baada ya nyumba, nchi baada ya nchi. Kila mmoja alikata kidonge chake kidogo.

Baadaye Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, ikashika Fansidar. Fansidar nayo haikudumu. Mwaka 2006 wakahamia dawa mseto, na huku kwetu Msumbiji nako tukapita njia hiyohiyo mpaka tukafika kwenye mseto. Malawi, majirani zetu, waliiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993, na baada ya miaka 12 hivi watafiti waliipima tena Blantyre wakakuta inaponya kama zamani. Vimelea vilikuwa vimesahau vita. Lakini hesabu mwenyewe: nchi nzima ilibidi iiache dawa kwa zaidi ya miaka kumi ili dawa ipate nguvu zake. Na katika miaka hiyo watoto wanameza nini?

Sasa tuje kwenye vidonge vyako.

Ndani ya kila kidonge mna dawa mbili. Ya kwanza ni artemeta. Asili yake ni mmea wa Uchina ambao huko Tanzania wanauita pakanga. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao, akapata njia ya kuutoa utomvu wake bila kuuharibu kwa moto. Mwaka 1972, kabla hajampa mgonjwa, aliinywa yeye mwenyewe kwanza aone kama inadhuru. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, naye akiwa mzee kama mimi. Ile ndiyo dawa unayoificha chini ya godoro.

Artemeta hupiga kwa nguvu, ikaua vimelea vingi kwa muda mfupi. Ndiyo maana siku ya pili uliona umepona. Lakini haikai; baada ya saa chache imeshatoka mwilini. Anayebaki ni mwenzake, lumefantrini, mtaratibu, hukaa siku kadhaa akifagia vilivyojificha. Mmoja hupiga, mmoja hufagia. Wewe ulipoacha katikati ulimwacha mfagiaji na ufagio nusu. Waliosalia nyuma ya mlango ni wepi? Ni wale wagumu kuliko wote. Hao ndio watakaozaana. Hao ndio mbu atakaowabeba usiku hadi kitanda cha dada yako.

Homa ikiinama, usidhani imelala.

Na jambo jingine, dogo, lakini wengi hawalijui. Lumefantrini haiingii sawasawa mwilini bila mafuta. Muuguzi anapokuuliza umekula nini hakuchunguzi chungu chako. Sisi wa pwani hii Mungu ametupa minazi. Kula wali wa nazi, au uji uliotiwa tui, au samaki wa kupaka, kisha meza. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, rudia kipimo, na urudi kituoni kuwaeleza. Usimeze kwa chai kavu halafu ukasema dawa haifai.

Naomba, mjukuu wangu. Vinne, mara mbili, siku tatu, na kitu chenye mafuta tumboni. Ni kitu gani kigumu hapo?

Utaniuliza, babu, mbona mwaka ule wa 2021 porini tuligawana? Kweli, tuligawana. Wewe ulikuwa mdogo, nakumbuka ulivyonishika shati. Tarehe 24 Machi waasi walipoingia Palma tulikimbia na tulichovaa. Tulilala kwenye matope ya mikoko, mvua za mwisho wa masika zinanyesha, mbu wanatufunika kama shuka. Siku ya nne watu sita kati yetu walikuwa wanatetemeka, na mama mmoja alikuwa na pakiti moja tu amefunga kwenye pindo la kapulana yake. Tukatoa vinne kwa kila mtu. Vidonge 24, watu sita, zamu moja tu. Hatukuwa na la kufanya, na sitamlaumu yeyote kati yetu mbele ya Mungu.

Lakini wote sita waliugua tena. Wawili hawakufika mwisho wa safari.

Yale yalikuwa ya dhiki. Wewe unafanya ya porini ukiwa nyumbani, kituo kiko wazi, dawa za malaria serikali inazitoa bila malipo. Hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Na vidonge vya akiba, unajua mwisho wake? Kesho rafiki yako ataumwa kichwa, utampa vinne kwa mapenzi. Keshokutwa vinne vingine vitauzwa sokoni pale kwenye meza za chumvi na betri, viko juani tangu asubuhi, pakiti imechanika, tarehe haisomeki. Nimeona kwa macho yangu kijana akinunua vidonge viwili vya malaria na viwili vya tumbo, akameza vyote kwa soda. Hakupima. Huenda hakuwa na malaria kabisa. Kipimo cha kidole ni tone moja la damu na robo saa ya kusubiri. Kidonge kisicho na kipimo ni mshale gizani. Hujui umempiga nani.

Sasa jambo linalonifanya nisilale.

Mwaka 2020 wataalamu waliandika kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye mabadiliko ya kuvumilia artemeta na ndugu zake. Mwaka uliofuata yakathibitishwa hayohayo kaskazini mwa Uganda. Kisha Eritrea. Kisha Tanzania, mkoani Kagera. Bado mseto unaponya, nisikutie hofu ya uongo. Unaponya kwa sababu mfagiaji bado ana nguvu. Lakini yule mpigaji ameanza kuchoka, na mpigaji akichoka, kazi yote inamwangukia mfagiaji peke yake. Kagera ni mbali na sisi, utasema. Kambodia ilikuwa mbali zaidi.

Tunasikia kuna dawa mpya inakuja, nanyi vijana mmeshaanza kusema, acha hii iharibike, kuna nyingine. Usilitamke neno hilo mbele yangu. Dawa mpya haiokotwi ufukweni kama kombe.

Ile inayosemwa sana inaitwa ganaplasidi. Kampuni ya Novartis, pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture la Geneva, walichuja molekuli zaidi ya milioni mbili mpaka wakaipata. Fikiria wavu wa kuchuja vitu milioni mbili. Novemba 2025 walitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika nchi 12 za Afrika, watu zaidi ya 1,600, wakubwa na watoto. Iliponya asilimia 97.4, na mseto tulionao uliponya asilimia 94. Ni chengachenga za kuchanganya na maji, mara moja kwa siku, siku tatu. Hata hivyo ilibidi ipelekwe mbele ya mamlaka za dawa kwanza, na kutoka huko mpaka kwenye rafu ya zahanati zetu ni safari nyingine. Mseto wako ulianza kuuzwa mwaka 1999. Zaidi ya robo karne, mjukuu wangu, ndipo mwenzake aonekane kwenye upeo wa macho.

Na sikia siri yake, maana hapa ndipo vijana wengi hawaangalii. Ganaplasidi haiji peke yake. Imefungwa pamoja na mwenzi. Mwenzi wake ni nani? Ni lumefantrini. Ni yuleyule mfagiaji aliyeko chini ya godoro lako! Vimelea unavyovifundisha leo kumshinda lumefantrini vitaikuta dawa mpya siku ya kwanza inaingia, na mguu wake mmoja tayari unachechemea. Unaitoboa ngalawa ambayo haijashushwa majini.

Hapo naomba mnielewe, wanangu. Hapo ndipo wasiwasi wangu wote ulipo.

Dada yako amejifungua mwezi uliopita. Mtoto yule hajafika kilo tano. Mpaka mwaka 2025 mseto uliopimwa na kuidhinishwa kwa ajili ya kichanga kama yule haukuwapo. Wauguzi walikuwa wakikadiria kwa dawa za watoto wakubwa. Julai mwaka huo Uswisi iliidhinisha ule wa kwanza, na wenyewe umetengenezwa kwa artemeta na lumefantrini. Dawa yake yeye mchanga ni dawa yako wewe. Ukiiharibu yako umeharibu yake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu 597,000 waliokufa kwa malaria mwaka 2023, karibu wote Afrika, na wengi wao watoto chini ya miaka mitano, na Msumbiji yetu imo kati ya nchi chache zinazobeba mzigo mkubwa. Sikupi hesabu hiyo ili uikariri. Nakupa ili ukimtazama mtoto yule ujue amesimama wapi.

Kuna kazi nyingine inafanyika, ya kuuzuia ugonjwa usitoke kwa mtu kwenda kwa mtu. Ukiugua, ndani ya damu yako baadhi ya vimelea hugeuka mbegu zinazomngojea mbu. Huchukua siku kumi hivi kukomaa. Mseto unaua changa, zilizokomaa unaziacha nyingi. Kwa hiyo kuna kidonge cha primakwini, kipimo kidogo mara moja, cha kuziua hizo. Wewe hutaona tofauti yoyote. Jirani yako ndiye atakayeiona, kwa kutougua. Muuguzi akikupa, meza. Dawa ya kumponya jirani nayo ni dawa.

Kwale, pwani ya Kenya, kwa watu wanaosema lugha yetu, watafiti walifanya jambo la ajabu zaidi. Waliwapa watu ivamektini, ileile dawa ya matende na upofu wa mto, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mbu akimnyonya aliyeimeza, hufa yeye. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, juu ya kazi ya vyandarua. Kazi hiyohiyo ilikuwa inafanyika huku kwetu Mopeia, Zambezia, kimbunga Gombe kikaivuruga mwaka 2022.

Nanyi wana wa bahari mnaijua Komoro. Kule walitoa dawa kisiwa kizima kwa siku zilizopangwa, mgonjwa na mzima: Mwali mwaka 2007, Nzwani mwaka 2012, Ngazidja mwaka 2013. Wagonjwa zaidi ya 100,000 wa mwaka 2010 wakashuka wakawa kama elfu mbili mwaka 2014. Baadaye ugonjwa ulirudi kupanda. Nyumba kumi zikifagia na moja isifagie, vumbi lina pa kulala.

Kwa hiyo watakapokuja huku watu wa afya na vidonge vyao, siku ikifika, nakuomba usiwe wa kwanza kusema vinaua uzazi. Uliza. Uliza maswali yote, hata ya kijinga, mkeshe usiku mzima mkiuliza. Lakini usieneze usichokijua. Tarehe 7 Aprili 2024 watu wa Lunga, Nampula, walijaa kwenye chombo cha kuvulia wakikimbilia Ilha de Moçambique. Walikuwa wamesikia uvumi juu ya kipindupindu. Kilizama, wakafa karibu watu 100, watoto wengi. Hawakuuawa na kipindupindu. Uvumi hauna makasia, ila unazamisha.

Nimesema mengi, na kifua kimeanza kubana. Sikuombi uwe daktari. Sikuombi usubiri dawa mpya wala ujue jina la kila kimelea. Naomba mambo ya mkono wako mwenyewe: pima kabla ya kumeza, kula kabla ya kumeza, maliza ulichoanza, usigawe, usiuze, usifiche. Lala ndani ya chandarua hata joto likikubana.

Hivyo vidonge 12 usivimeze leo kwa kunifurahisha, maana siku zake zimeshapita. Kesho alfajiri, kabla maji hayajajaa, tutakwenda wote wawili kituoni. Utapimwa kidole, utamwambia muuguzi ukweli wote, naye ndiye atakayesema. Pakiti tutaipeleka tumrudishie mkononi. Kama atasema uanze upya, mimi nitakaa nawe siku zote tatu, asubuhi na jioni, na bibi yako ameshakuna nazi.